Moyo umetengenezwa, na ini je?

Mtoto akirudi Juba kutoka kupasuliwa moyo, majirani huja mmoja mmoja kumwona. Atlabara ni mtaa wa nyumba zilizobanana, na habari ya namna hiyo haikai ndani. Wanawake huvuta viti vya plastiki kivulini, chai inazunguka, na mama huombwa amfungue mwanawe vifungo vya shati ili watu walione kovu: mstari mmoja ulionyooka, kutoka chini ya koo hadi juu ya tumbo. Midomo iliyokuwa bluu sasa ina rangi ya damu. Kucha nazo vilevile. Mtoto aliyekuwa akichuchumaa kila baada ya hatua chache ili apate pumzi, leo anakimbizana na wenzake. Watu humshukuru Mungu, na wana kila sababu ya kushukuru.

Katika furaha hiyo hakuna anayeuliza habari za ini. Wazazi hawajaambiwa waulize, au waliambiwa mara moja tu, kwa lugha ya kigeni, siku ya kuondoka hospitalini, wakati akili yote iko kwenye tiketi ya kurudia nyumbani. Hata hivyo, kwa baadhi ya watoto hawa, ini ndilo litakaloamua kama watafika miaka 30 au 40. Moyo wao ulitengenezwa mbali na nyumbani, lakini ini lao litaangaliwa Juba, au halitaangaliwa na mtu.

Kati ya watoto 100 wanaozaliwa hai, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya moyo. Ndivyo ilivyo Ulaya na Asia, na ndivyo ilivyo kwetu. Tofauti inaanzia kwenye matibabu. Wakazi wa Juba wenye mtoto wa namna hii wamezoea kutazama nje ya mpaka. Kuna Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyo Mulago, Kampala, ambako familia hufika kwa basi kupitia Nimule. Kuna Nairobi, ambako Hospitali ya Mater imepasua mioyo ya watoto kwa miaka mingi. Kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015. Wenye uwezo au wafadhili huenda India. Na kulikuwa na Khartoum: Kituo cha Salam cha shirika la Kiitalia la EMERGENCY, kilichofunguliwa Soba mwaka 2007, ambako mgonjwa kutoka Sudan Kusini alipasuliwa bila kutoa hata senti moja. Vita vilivyolipuka huko tarehe 15 Aprili 2023 viliivuruga njia hiyo. Pamoja na njia, vilivuruga kliniki za kurudi kupimwa na majalada ya wagonjwa. Wapo vijana Juba leo wenye kovu la Khartoum kifuani ambao hawana pa kurudi.

Kwa nini ini? Ukitazama mahali lilipo, utaelewa bila kuhitaji elimu ya udaktari. Ini linakaa upande wa kulia wa tumbo, chini kidogo tu ya moyo. Damu inayotoka ndani yake humiminika kwenye mshipa mkuu wa chini, na kutoka hapo ni sentimita chache kufika moyoni. Njiani hakuna vali ya maana ya kuizuia isirudi nyuma. Wakazi wa Juba wanajua mfereji ukiziba huko mbele wakati wa mvua kubwa maji hurudi wapi: huingia uani kwako, hata kama wewe hukutupa taka. Upande wa kulia wa moyo ukishindwa kuipokea damu, ini ndilo ua la kwanza kujaa.

Hali hiyo inaweza kutokea ghafla au polepole. Ya ghafla huonekana siku za mwanzo baada ya upasuaji, mtoto akiwa bado kwenye chumba cha uangalizi maalumu. Shinikizo la damu limeshuka, ini limekosa oksijeni, na vimeng'enya vyake kwenye damu vinapanda hadi maelfu. Madaktari huiona kwenye vipimo vya asubuhi. Mzunguko wa damu ukitengemaa, mara nyingi ini hupona lenyewe ndani ya siku chache, na familia huenda isijue kamwe kwamba lilikuwa taabani. Hii siyo inayonitia hofu, kwa sababu hutokea mbele ya macho ya wataalamu.

Inayonitia hofu ni ile ya polepole, na mfano wake ulio wazi kuliko yote ni wa watoto waliofanyiwa upasuaji wa Fontan.

Mwaka 1968, huko Bordeaux, Ufaransa, daktari Francis Fontan alimpasua msichana aliyezaliwa bila vali ya upande wa kulia wa moyo. Mtoto wa namna hiyo ana chemba moja tu ya kusukuma damu inayofanya kazi, mahali pa mbili. Fontan aliamua kwamba chemba hiyo moja isukume damu kwenda mwilini, na damu chafu inayorudi kutoka mwilini ielekezwe moja kwa moja kwenye mapafu, bila chemba ya pili ya kusukuma. Alichapisha matokeo yake mwaka 1971, na mwaka huohuo Guillermo Kreutzer alifanya upasuaji wa aina hiyo Buenos Aires, Argentina. Watoto ambao zamani walikufa wadogo walianza kwenda shule, kuoa na kuolewa. Siku hizi, katika nchi zenye huduma kamili, zaidi ya 80 kati ya kila 100 wako hai miaka 20 baada ya upasuaji. Ni moja ya kazi kubwa kabisa za tiba ya karne iliyopita, na naisifu kwa moyo wote.

Lakini ina gharama yake, na gharama hiyo inalipwa na ini. Ili damu ipite kwenye mapafu bila pampu, ni lazima shinikizo kwenye vena liwe juu saa zote, usiku na mchana, maisha yote. Kwa mtu wa kawaida shinikizo hilo ni kama milimita 2 hadi 6 za zebaki. Kwa aliyefanyiwa Fontan, mara nyingi ni kati ya 10 na 15. Ini linaishi ndani ya msongamano huo tangu siku ya upasuaji. Vijia vidogo vya damu ndani yake hutanuka, chembe zake hukosa oksijeni ya kutosha, na taratibu makovu huanza kutandaa. Baada ya miaka 10 au 15, karibu kila aliyefanyiwa upasuaji huu ana makovu ya kiasi fulani kwenye ini. Wengine huishia kwenye sirosisi, ini lililokakamaa. Wachache hupata saratani ya ini, na miongoni mwao wamo vijana ambao hawakufikisha hata miaka 20.

Mwaka 2005, wataalamu wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, waliandika juu ya maini ya waliofanyiwa Fontan wakionyesha safari nzima: msongamano, makovu, sirosisi, uvimbe na saratani. Ni hospitali ileile ambako mwaka 1944 Alfred Blalock, Helen Taussig na fundi wao Vivien Thomas walianzisha upasuaji wa kwanza wa kuwaokoa watoto wenye midomo ya bluu. Miaka 60 ilipita kati ya furaha ile na onyo hili. Mwaka 2019 Shirika la Moyo la Marekani lilitoa mwongozo mrefu kuhusu watu wa Fontan, na ini limepewa nafasi yake humo. Sisi tunaopeleka watoto wetu leo hatuna sababu ya kusubiri tena muda mrefu kiasi hicho ndipo tujue.

Ugonjwa huu haupigi hodi. Kijana anajisikia vizuri, macho ni meupe, tumbo halijajaa maji. Hata vipimo vya damu vya ini ambavyo zahanati nyingi huvifanya vinaweza kurudi na majibu ya kawaida, au yaliyopanda kidogo tu, huku ini likiwa limeshajaa makovu. Mganga asiyeijua Fontan atasoma majibu na kusema, "Ini lako zima, kijana wangu, nenda nyumbani." Atakuwa amesema kwa nia njema. Dalili za kufuatilia ni nyingine: chembe sahani za damu zinazopungua mwaka hadi mwaka, wengu linalokua, ini lenye kingo za mawimbi kwenye altrasaundi, uvimbe mdogo ambao mwaka jana haukuwapo. Hata mashine za kisasa za kupima ugumu wa ini hudanganyika kwa wagonjwa hawa, kwa sababu ini lililojaa damu ni gumu hata kabla halijapata makovu.

Ni lazima niseme wazi kwamba watoto wa Sudan Kusini waliofikia Fontan ni wachache. Upasuaji huo huja mwisho, baada ya hatua nyingine moja au mbili, na kila hatua ina safari yake, viza yake na mfadhili wake. Wengi huishia hatua ya kati, iitwayo Glenn, kwa jina la William Glenn wa Chuo Kikuu cha Yale aliyeieleza mwaka 1958. Kwa watoto hao ini lina habari nyingine kabisa, na ni ya ajabu. Katika hatua ya Glenn, damu ya kichwani na mikononi huenda moja kwa moja kwenye mapafu, lakini damu itokayo kwenye ini haifiki huko kwanza. Mapafu yanaihitaji damu hiyo. Ndani yake mna kitu kitengenezwacho na ini, ambacho watafiti hawajakitambua kwa uhakika mpaka leo, na mapafu yakikikosa kwa miaka, mishipa yake huanza kuungana ovyo na damu hupita bila kuchukua oksijeni. Mtoto aliyekuwa ametakata anaanza tena kuwa na midomo ya bluu. Mzazi hudhani upasuaji umeharibika. Haukuharibika, unangoja hatua iliyobaki.

Kuna kundi la tatu, nalo ni kubwa zaidi: waliotengenezwa moyo wakiwa wamechelewa, au waliobaki na vali inayovuja. Mtoto mwenye kasoro nne za Fallot akipasuliwa, mara nyingi vali ya kuelekea mapafuni hubaki ikivuja. Kwa miaka mingi haimsumbui. Kisha upande wa kulia wa moyo hutanuka, huchoka, na ini huanza kujaa. Dalili za kuchoka huko watu wa Juba wanazijua, ila huzipa majina mengine: miguu kuvimba jioni, tumbo kujaa upande wa kulia, kushiba kwa matonge mawili ya asida. Ukisikia hayo kwa kijana mwenye kovu kifuani, usimkimbilize kwa muuza dawa za minyoo. Mpeleke apimwe moyo na ini, vyote viwili.

Mpaka hapo nimesema mambo ambayo mzazi wa London au wa Delhi naye angeambiwa. Mzazi wa Atlabara ana la ziada. Sudan Kusini ni miongoni mwa nchi ambazo homa ya ini B imeenea sana. Virusi hivyo peke yake huleta sirosisi na saratani ya ini. Vikilikuta ini ambalo tayari limeelemewa na moyo, mambo mawili mabaya husaidiana. Na kuna jambo la tarehe ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Chanjo ya pentavalenti, yenye kinga ya homa ya ini B ndani yake, iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto Sudan Kusini mwaka 2014. Kenya, Uganda na Tanzania zilianza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya ini B mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maana yake ni kwamba kijana wa miaka 15 aliyezaliwa na kukulia Juba huenda hakuchanjwa kamwe, wakati mwenzake aliyezaliwa kambini Kakuma, Kenya, huenda alichanjwa akiwa mchanga. Vijana wawili wa ukoo mmoja, wenye makovu ya aina moja kifuani, wanaweza kuwa na kinga tofauti kabisa.

Kipimo cha homa ya ini B ni tone la damu na dakika chache. Asiye nayo na ambaye hajachanjwa, achanjwe: sindano tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Aliye nayo, kuna vidonge vya kuvituliza virusi. Kama kuna kitu kimoja tu ambacho msomaji atakichukua katika makala haya, kiwe hiki.

Mengine ya kwetu nitayapita kwa haraka. Kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwa kuingia kwenye maji yenye konokono, nacho huacha makovu kwenye ini. Mtoto wa moyo asiachwe acheze kwenye madimbwi ya kandokando ya Nile. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu, na sumukuvu pamoja na homa ya ini B ni njia ya mkato ya saratani. Kenya ilishuhudia ukali wa sumu hiyo mwaka 2004, watu 125 walipokufa katika wilaya za mashariki baada ya kula mahindi mabovu. Pombe kali kama siko na araki, kwa kijana wa moyo, ni marufuku hata kwenye harusi. Panadoli itumike kwa kipimo kilichoandikwa na isizidi. Mizizi ya kuchemsha isiyojulikana imo nini, hata ikiletwa na bibi kwa mapenzi yake yote, iachwe. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ajue kwamba ini ndilo linalotengeneza viini vya kugandisha damu. Ini likiyumba, kipimo cha dawa nacho huyumba, na damu inaweza kumtoka bila kutarajiwa.

Kuhusu mpira wa miguu, hapa nataka wazazi wanisikilize, kwa kuwa Atlabara ni mtaa wa mpira, na klabu yenye jina la mtaa ilikuwa bingwa wa Sudan Kusini mwaka 2013. Watoto wa moyo hukatazwa kucheza, huwekwa kivulini kama mayai. Kwa wengi wao hiyo si sawa. Kwa aliyefanyiwa Fontan, misuli ya miguu ndiyo pampu aliyobakiwa nayo ya kuisukuma damu ipande kutoka chini. Misuli ikiwa na nguvu, damu hurudi vizuri zaidi. Muulize daktari aliyemhudumia mtoto kiwango kinachomfaa, uepuke mapigo ya kifuani ikiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kisha umwache atembee na kukimbia.

Sasa tuitazame ile barua ya kuruhusiwa. Mara nyingi ni kurasa mbili au tatu za Kiingereza, zimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na picha za eksirei. Juu kuna jina la ugonjwa, chini yake jina la upasuaji na tarehe, kisha orodha ya dawa: aspirini au warfarini, pengine sildenafili, pengine dawa ya kukojosha maji. Mwisho kuna mstari mmoja unaosema mgonjwa arudi baada ya miezi sita. Arudi wapi, kwa nauli ya nani, hausemi. Na neno ini mara nyingi halimo kabisa. Kwa hiyo daktari wa Juba anayeipokea karatasi hiyo, hata awe hodari, anaona kazi iliyokwisha. Atasikiliza moyo, atapima oksijeni kidoleni, atasema mtoto anaendelea vizuri.

Ningependa aone ninachokiona mimi katika karatasi hiyo: kazi inayoanza. Na sehemu kubwa ya kazi yenyewe haihitaji ndege. Altrasaundi ya tumbo inafanyika Juba. Mgonjwa hulala chali akiwa hajala tangu usiku, hupakwa mafuta ya baridi upande wa kulia chini ya mbavu, huambiwa avute pumzi na kuishikilia, na mtaalamu huliona ini linavyoshuka na kupanda kwenye kioo, kingo zake, ukubwa wake, mishipa yake iliyotanuka. Ni robo saa. Kuhesabu chembe sahani kunafanyika Juba. Kipimo cha homa ya ini B kinafanyika Juba. Kile cha alama ya saratani, AFP, ni damu ya mkononi tu kama vingine. Aliyefanyiwa Fontan, tangu miaka 10 hivi baada ya upasuaji, anahitaji altrasaundi kila mwaka, na aliyekwisha kupata sirosisi anaihitaji kila miezi sita. Uvimbe ukigunduliwa mdogo, kuna la kufanya. Ukigunduliwa kwa sababu tumbo limevimba, mara nyingi hakuna. Marekani na Ulaya wapo wanaopandikizwa moyo na ini kwa pamoja; sisi tusijidanganye kwamba mlango huo uko wazi kwa mtoto wa Atlabara. Kwetu kinga ni kuwahi.

Ninaziomba taasisi zinazowapasua watoto wetu, za Kampala, Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko: ongezeni ukurasa mmoja kwenye barua ya kuruhusiwa, kwa Kiswahili na Kiarabu, unaotaja ini kwa jina, vipimo vyake na miaka ya kuvifanya. Sudan Kusini imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016. Ukurasa mmoja unaosomeka pande zote za mpaka ni jambo dogo kwa jumuiya. Ninaiomba Wizara ya Afya ya Juba ianzishe daftari la wote waliopasuliwa moyo nje ya nchi, wakiwamo waliopoteza majalada yao Khartoum, na iwape siku moja ya kliniki. Vita havikuyafuta makovu yao, na kovu lenyewe ni mwanzo wa jalada jipya.

Nawe mzazi, ukienda kliniki usingoje kuulizwa. Sema, "Daktari, mwanangu alipasuliwa moyo, naomba na ini lake lipimwe." Hakuna daktari mwema atakayekasirika. Kisha chukua daftari la shule, andika mambo manne: jina la upasuaji, mwaka uliofanyika, majibu ya homa ya ini B, na tarehe ya altrasaundi ya mwisho ya tumbo. Kama mstari wowote kati ya hiyo minne uko wazi, mpeleke wiki ijayo.